Sweta la Hoza

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kutunga. Watungaji wapo, nawajua, na wengine ni wajukuu wa dada yangu hapa hapa nyumbani. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa, na kiti alichokalia mgeni yule kilikaa na doa lake miaka na miaka, watu wakiliona. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vikubwa vya pili vikielekea mwisho. Nilikuwa mwanamke kijana, mke wa Hoza, tukikaa upande wa juu ukitoka Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, kule ambako kipupwe kikiingia unasahau jua linafananaje. Watu wa tambarare hudhani nchi yote hii ni jasho. Waje Usambara mwezi wa saba. Ukungu unapanda kutoka mabondeni, unaziba njia, unaziba mashamba, na vilima vinabaki vimechomoza kimoja hapa na kingine kule, hakuna kinachomfikia mwenziwe. Nguo hazikauki. Kuni zinatoa povu badala ya moto. Wazee wengi hufa wakati huo, na sisi tunaobaki hatuna la kusema ila kusubiri kipite.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mwanamke wa Kizungu, mjane, aliyefuga kondoo juu ya kilima karibu na msitu. Tulimwita Bibi Sufu kwa sababu ya zile sufu zake alizokuwa anasokota mwenyewe kutwa nzima. Alizaliwa katika kisiwa kimoja cha mbali sana, kaskazini kuliko hata Uingereza yenyewe tunayoisikia. Alisema kwao wakati wa baridi jua huchungulia kidogo tu mchana kisha huzama, na siku yote iliyobaki ni usiku. Mimi nilimwona mwongo. Usiku wa mchana, umeuona wapi?

Sasa huyu bibi alikuwa na kanuni yake. Ukungu ukishuka, sisi wote tumekunja nyuso, yeye anafungua mlango, anavuta pumzi na kusema, "Kwetu baridi haingojewi ipite. Kila siku unaitafutia kitu kimoja cha kufurahia. Kimoja kinatosha." Na kweli alikuwa anatafuta. Leo atasikiliza upepo ukipiga mabati huku ameshika kikombe cha chai. Kesho ataoka mikate migumu ya kwao ambayo ukiiuma jino linalia. Kesho kutwa atatoka nje makusudi alowe, ili apate raha ya kurudi ndani. Hilo la kutoka ulowe upate raha ya kurudi sijalielewa mpaka leo, na sitaki kulielewa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuni za kumpa raha ile nani alizibeba kutoka msituni? Mimi. Maji ya chai ile? Mimi. Ni rahisi kuifurahia baridi ukiwa upande wa ndani wa dirisha. Nilimwambia hivyo siku moja, kwa adabu, naye akacheka akasema, "Basi njoo ndani na wewe." Ndivyo alivyonifundisha kufuma. Nisimnyime haki yake: kufuma nilikupenda. Vidole vikienda, moyo unapumzika.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo sikuipenda hata kidogo. Ukungu ukiwa mzito alikuwa anawasha taa na kuiweka dirishani, inaangalia nje. Nilimuuliza ya nini, akasema kwao huwekwa hivyo wakati wote wa baridi ili aliye nje ajue nyumba iko wapi. Akifika, anapewa nafasi karibu na moto kwanza, maswali baadaye. Sisi kwetu ni kinyume. Ukungu ukishuka unafunga mlango, na mwanga hautoki nje. Mtu akija kuomba kijinga cha moto, kumnyima ni dhambi, lakini unamuuliza jina kwanza, naye anajibu akiwa nje bado. Marehemu mama alikuwa anasema ukungu una wenyewe. Nilimwambia Bibi Sufu, naye akaniambia mama yangu angepatana sana na mama yake.

Basi nikamfumia Hoza sweta. Sufu ya kondoo weusi na weupe nimeichanganya ikawa ya kijivu, na kifuani nikaweka mchoro wa kwenda na kurudi kama mfereji wetu unavyoteremka kwenda bondeni. Bondeni tulikuwa na kishamba kizuri, chenye maji mwaka mzima, alichoachiwa Hoza na baba yake. Kumbuka hicho kishamba, kina kazi yake katika kisa hiki. Hoza alilivaa sweta lile kipupwe kimoja tu. Halafu akachukuliwa jeshini. Huko walikuwa wanapewa nguo zao, kwa hiyo aliniachia lile sweta mlangoni. Alikuwa mtu wa utani. Akasema, "Lilalie, mke wangu. Nikirudi nilikute la moto."

Nililala nalo. Sioni haya kusema.

Hoza alikuwa na ndugu wa baba mmoja, jina lake Mbaruku. Mtu wa maneno laini, wa kukuuliza hali mara mbilimbili. Siku moja akapita askari aliyerudi kutoka vitani, wa upande wa Gare, amepoteza jicho, akamwambia Mbaruku kwamba alimwona Hoza akisombwa na mto huko Bama, walikokuwa wanapigana na Mjapani. Alimwona, hakumwona, kwa jicho lipi, hatukujua. Lakini Mbaruku alirudi nyumbani amejifunga kitambaa kichwani tayari kwa msiba.

Mwalimu wetu wa msikitini alisema kama ni kumuombea, aombewe huko huko aliko, na yaliyobaki yasubiri habari ya uhakika. Mbaruku akasema sawa, mwalimu, lakini ukoo una desturi zake. Desturi ipo, sikatai. Mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo yake, ukaitwa kwa jina lake na kuzikwa, ili ukoo uwe na kaburi na roho za watu zitulie. Lakini hiyo hufanywa baada ya kungoja, na kungoja, mpaka hata mama mzazi amekata tamaa. Wao waliharakisha. Masika hayajaanza, mgomba umeshalala uani. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, na mimi nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni bila kujua kwamba siku moja utaingia nyumbani kwangu na kufunua kitanda changu.

Maana walikuja kuchukua sweta. Nililishika mkono mmoja, mama mkwe wa kambo akanibandua vidole. Wakauvisha ule mgomba. Ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo, bado unatoka maji, na utomvu ukashuka kifuani juu ya mchoro wangu. Wewe unajua utomvu wa mgomba: ukishika nguo hautoki, unageuka mweusi. Wakaushusha, Mbaruku akainama juu ya shimo akasema, "Hoza, lala hapa. Hapa ndipo kwako." Kisha wakala.

Mimi nikakaa eda. Ilipokwisha nikarudi kazini kwa Bibi Sufu, na Mbaruku akaja na maneno yake laini. Alisema haifai mjane kijana kukaa bila mtu, na haifai kishamba cha bondeni kukaa bila mwanamume, na yeye yuko tayari kuturithi sote wawili. Siku ikapangwa. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nisikilize vizuri, maana tumefika.

Kilikuwa kipupwe chenyewe, ukungu wa siku kadhaa haujainuka. Baada ya swala ya alasiri giza lilikuwa limeshaingia kama magharibi imepita. Nikamkumbuka Bibi Sufu na usiku wake wa mchana, nikasema kumbe si mwongo. Yeye mwenyewe alikuwa amelala chumba cha nyuma, kifua kimembana. Aliniita akaniambia niwashe taa niiweke dirishani. Nikaiweka, roho haitaki. Nikakaa karibu na moto, nikashika sindano zangu, nafuma soksi.

Kwanza kondoo walinyamaza. Kondoo katika ukungu wana kelele, huitana wasipotezane. Walinyamaza wote kwa pamoja. Halafu mlangoni nikasikia kitu kinapapasa, si kugonga, kama mtu anayefuta ubao kwa kitambaa kilicholowa.

"Nani?" nikauliza.

"Mpita njia. Nimeuona mwanga."

Niamini. Ilikuwa sauti ya Hoza. Ya polepole, ya mtu anayetafuta neno moja moja, lakini ya Hoza. Nikakumbuka desturi yetu, nikauliza, "Unaitwa nani?"

Mlango ukapapaswa tena. "Naitwa Hoza."

Wewe usingefungua? Mtu uliyemlilia, umemkalia eda, anakwambia jina lake nje ya mlango katika baridi ile, na wewe umeshika sindano? Nilifungua.

Alikuwa amevaa sweta langu. Mchoro wa mfereji kifuani, na juu yake doa jeusi limeshuka mpaka tumboni. Kimo kilikuwa cha Hoza barabara. Uso ulikuwa wa Hoza pia, lakini Hoza alikuwa na kovu kwenye nyusi, jembe lilimpata akiwa mdogo, na huyu hakuwa na kovu. Hakuwa na mkunjo wowote. Uso mlaini, umelowa, na macho hayapepesi. Nje haikuwa inanyesha, lakini alikuwa anadondosha maji. Na harufu ile ninayo puani mpaka leo, ya mgomba uliokatwa sasa hivi.

Akapita, akaketi kwenye kiti cha Bibi Sufu mbele ya moto. Nikamsogelea. Ndiyo, nilimsogelea, kwa sababu moyo ni mpumbavu. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mwororo, na nilipoubonyeza uliingia ndani, tabaka kwa tabaka, maji yakatoka kati ya vidole vyangu.

Nikasema, "Hoza, umerudi?"

"Mimi siye," akasema. "Niliitwa hivyo, nikafukiwa. Mwenyewe yuko juu ya ardhi, anatembea."

"Yuko wapi?"

"Mbali. Ana njaa. Lakini anatembea."

Sikujua kama nilie au nifurahi. Nikamuuliza anataka nini. Alitazama moto muda mrefu. Nakumbuka alikuwa anautazama kwa hamu, kama mtoto anayetazama chakula cha watu wengine.

"Nitoeni," akasema. "Mmenipa jina lake na nguo yake. Nikikaa navyo chini, joto lake linakuja kwangu. Naliona linakuja, kidogo kidogo. Akirudi hatakuta kitu. Sikuomba mimi. Mimi ni mgomba tu."

Akainuka, akatoka. Sikusikia hatua. Ukungu ulimfunika kabla hajafika kwenye boma la kondoo, na kondoo wakaanza kuitana tena.

Bibi Sufu alitoka chumbani akikohoa, amejifunga blanketi. Akaona maji sakafuni, akaona kiti. Nilimweleza yote. Unajua alichoniuliza? Aliniuliza kama nilimpa chai. Akasema kwao pia, katika siku zile za giza, huja wageni kwenye taa, wamelowa, si watu kamili, nao hupewa nafasi na kuachwa waende zao. Macho yalikuwa yanamng'aa. Alikuwa amefurahi. Amekaa miaka mingi ugenini akidhani mambo ya kwao yamebaki kwao. Ndiyo ikawa furaha yake ya siku hiyo, kile kimoja chake. Nilimchukia, nasema kweli. Mimi nimeshika maji ya kaburi mkononi, yeye amefurahi.

Tulikisugua kiti kile kwa majivu, kwa sabuni, kwa mchanga. Doa jeusi halikutoka.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mbaruku. Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Shemeji, Hoza yuko hai. Tuufukue ule mgomba, tumwondolee jina, hata kama hamniamini. Mtapungukiwa nini?"

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake. Kisha akasema, "Shemeji yangu, ukungu umekuingia kichwani. Kaburi la ukoo halichezewi. Na wewe jiandae, siku imekaribia."

Wazee nao nikawapitia mmoja mmoja, shikamoo kila mlango. Wengine walinihurumia, lakini Mbaruku alikuwa ameshawapitia kabla yangu. Mwalimu alisema mgomba hausemi, binti yangu, ila hata kuuzika haikuwa halali. Nikamwambia basi njoo tuufukue. Akasema hayo ni ya wenye ukoo.

Nikachukua jembe langu mwenyewe. Nilikuwa nimeshafikia udongo laini waliponikamata, Mbaruku na wanawe. Unajua mwanamke anayekutwa anafukua kaburi huitwaje? Huhitaji kuambiwa. Mbaruku alisema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, kwamba nikirudi pale tena ataniitia jumbe na watu wote wajue kumbe ukoo umeoa mchawi. Na uchawi wakati ule haukuwa neno la mchezo. Wakalundika mawe juu ya kaburi. Nikakataa kurithiwa, wakanitoa nyumbani na nguo nilizovaa, na Mbaruku akaingia bondeni na kuanza kupanda kabichi. Mimi nikahamia kibanda cha nyuma kwa Bibi Sufu.

Hoza alirudi mwaka uliofuata, kiangazi, jua kali la saa sita.

Alikuwa amekonda, amevaa koti la jeshi, amekuja kwa miguu kutoka Mombo. Mto ulimchukua kweli, ukamtupa mbali, akaugua miezi kwa watu asiowajua. Aliingia kijijini akiita majina ya watu. Wanawake wakaangusha ndoo wakakimbia. Wazee wakakutana uani kwa Mbaruku, wakala mbuzi wa Mbaruku, wakasema kwa desturi mtu aliyekwisha kuzikwa hawezi kuingia hivi hivi. Lazima kwanza mgomba ufukuliwe, aoshwe, arudishiwe jina. Haya, ufukuliwe basi. Mbaruku akasema hapana. Kaburi likifunguliwa litaleta mkosi kwa watoto. Hakuna aliyetaja kishamba, lakini wote walikuwa wanatafuna kabichi zake. Wakakubaliana kungoja. Wakangoja mpaka walipokufa.

Kwa hiyo Hoza aliishi bila jina. Walimwita "yule". "Yule amepita." "Yule yuko kisimani." Watoto walifundishwa hivyo. Mtu ameenda kupigana vita vya watu wengine, amerudi, anaitwa yule.

Alinifuata kwa Bibi Sufu. Nilipoona kovu kwenye nyusi nilipiga kelele ya furaha, nikamkumbatia pale pale boma la kondoo, na furaha yangu ikaishia hapo hapo. Alikuwa wa baridi. Si baridi ya mtu aliyelowa. Baridi ya mtu aliyekosa kitu ndani. Jua la saa sita liko utosini, na meno yanagongana.

Tulifanya kila jambo ila kugusa mawe yale ya kaburini, maana tishio la kuniitia jumbe lilikuwa palepale. Hospitali walisema ni malaria, wakampa kwinini, akatapika, baridi iko palepale. Bibi Sufu alimpa mchuzi wa kondoo na ile pombe yake ya kabatini, na blanketi zake zote. Nilimfumia sweta jipya, na jingine, na jingine. Sufu ikimgusa inageuka kama imefumwa kwa umande. Alikuwa anakaa motoni mpaka suruali inaungua, na ngozi haipati habari. Nilimwambia yaliyotokea. Hakucheka. Alisema huko alikokuwa anaugua, siku moja alisikia kama mtu amemvua nguo katikati ya watu, na tangu siku hiyo hajaota joto. Nikamuuliza ilikuwa lini. Ilikuwa kabla ya masika.

Ndipo nilipoijua maana ya ile kanuni ya kisiwani. Bibi Sufu aliniambia, "Mtafutie kimoja. Kila siku kimoja." Nilitaka kumtupia kikombe. Lakini ningefanya nini? Nikatafuta. Siku nyingine ni viazi vilivyookwa kwenye majivu. Siku nyingine namchekesha kwa kumwigiza Mbaruku anavyouliza hali. Na kila jioni, mlango ukishafungwa, namwita jina lake. "Hoza." Hilo tu. Naliita polepole, mara nyingi, huku nafuma. Aliniambia likiitwa anasikia masikio yanapata moto kidogo, basi, masikio tu. Hiyo ndiyo ndoa yetu ilivyokuwa. Mtoto hatukupata.

Tuliishi hivyo miaka. Bibi Sufu alizeeka akarudi kufa kisiwani kwao, akaniachia taa yake na kile kiti ambacho tangu siku ile hakukikalia tena. Na kipupwe kimoja Hoza akaondoka. Asubuhi nilimkuta amenyamaza, na mwili wake haukuwa umebadilika hata kidogo. Ulikuwa wa baridi ile ile ya jana.

Sasa wakaingia katika shida yao. Azikwe wapi? Jina moja haliwezi kuwa na makaburi mawili, ndiyo desturi, na hakuna kijana aliyethubutu kuchimba la pili. Basi Mbaruku, mzee sasa, anatembelea fimbo, akaja mwenyewe akasema kwa ule upole wake, "Lifunguliwe la zamani." Sikia maneno hayo. La zamani lifunguliwe. Nililoliomba kwa magoti, akalitoa bure siku ambayo hakuna tena wa kurudishiwa shamba.

Wakaondoa mawe, wakachimba. Wakati huu hakuna aliyenifukuza, nilisimama ukingoni. Mgomba huoza upesi, wewe mkulima unajua, masika moja tu umeshakuwa udongo, na nguo nayo inaufuata. Mgomba haukuwapo. Lakini sweta lilikuwapo, zima, limelala na mikono yake imekunjwa kifuani, doa jeusi palepale. Kijana aliyekuwa shimoni akaligusa kulitoa, akarusha mkono kama amegusa chungu kilicho motoni.

Nikashuka nikalichukua mimi. Lilikuwa la moto. La moto kama limevuliwa sasa hivi na mtu aliyekuwa analima juani. Nikalishika mbele yao mmoja mmoja waliguse. Waligusa. Mbaruku alipofikiwa alirudi nyuma, akasema amechoka, akaenda zake. Ndugu wa kuzaliwa naye, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwalimu mpya alisema maiti imeshakafiniwa, haiwezi kuvishwa sweta. Sikubishana naye. Niliomba tu waniache kidogo kabla hawajamshusha. Nikafunua uso, nikaliweka sweta shavuni kwake, nikamwambia, "Nimekuja nalo, la moto, kama ulivyosema." Nilichelewa, lakini nilikuja nalo. Kisha wakamshusha, na nikamwita jina lake kwa sauti, mchana, watu wote wasikie.

Ninalo mpaka leo, kwenye sanduku, na halijapoa. Kipupwe kikiingia nalitoa nalipakata jioni. Silivai, si langu. Ndicho kimoja changu. Taa ya Bibi Sufu ninayo pia, lakini dirishani siiweki, na mgeni wa kwenye ukungu namuuliza jina mpaka achoke.

Wewe unayesikiliza, ukiletewa habari ya mtu wako aliye mbali, lia ukitaka, muombee, lakini usikubali azikwe kabla hujamwona, na usikubali jina lake lipewe kitu ambacho hakikuliomba. Na anayekuharakisha kuzika, mtazame vizuri anaangalia shamba lipi. Kama bado huniamini, njoo nyumbani nikupe sweta ulishike. Ila uguse mikono yangu kwanza, usije ukasema joto hilo ni langu.